Mkono Usiotetemeka

Kuna watu waliojaliwa sauti, kuna waliojaliwa mbio, na kuna mmoja aliyejaliwa mkono. Huyu ni mpiga video wa harusi, na mtaa mzima unamwita Mkono wa Jiwe. Miaka ishirini na miwili amebeba kamera begani, na katika miaka yote hiyo hakuna harusi hata moja ambayo picha yake iliyumba. Amesukumwa na mashangazi waliopandwa na mori wa kucheza, amekanyagwa na bwana harusi mwenye viatu vipya, na siku moja meza ya keki ilimwangukia mguuni. Picha ilitulia tuli kama maji ya mtungini. Mpaka leo ukiitazama kanda ile unaiona keki ikienda chini taratibu, na unaweza kuhesabu vipande.

Sasa nani angedhani kwamba mtu huyu, anayelipwa arekodi furaha za watu, moyoni mwake anachotamani ni kuwatisha?

Si kutisha kwa kuvizia wapita njia. Anatengeneza filamu, zile za kutisha zinazojifanya kwamba si filamu. Unazijua: picha inayumba, watu wanahema, mtu anauliza "mmesikia hiyo?", kamera inageuka upesi, hakuna kitu, inageuka tena, kitu kipo. Halafu giza. Halafu maandishi yanakwambia kwamba kanda hii iliokotwa, na wenyewe hawajaonekana hadi leo. Mkono wa Jiwe huziita picha za kuokota. Alizipenda tangu siku alipoigundua siri yao, kwamba ndizo filamu pekee duniani ambazo ukata ni sifa. Huhitaji taa, kwa sababu anayekimbia jini hana muda wa kupanga taa. Sauti mbovu? Ndiyo vizuri. Picha ina ukungu? Afadhali!

"Mwenzangu," humwambia yeyote atakayemsikiliza, hata bibi harusi anayengoja gari, "jini lililopambwa halimtishi mtu. Kinachotisha ni kamera ya mtu kama wewe, sebuleni kwa mtu kama wewe."

Maneno matamu hayo. Tatizo lilikuwa filamu zenyewe.

Alikwisha kutengeneza tatu, na zote tatu zilioneshwa kwenye ukumbi wa mtaa, Jumamosi saa kumi alasiri, madirisha yamezibwa kwa mablanketi. Katika ile ya kwanza jini lilisahau kuvua kandambili. Likaja kwa vishindo vya kofi, kofi, kofi kwenye sakafu, na ukumbi ukavunjika mbavu. Ya pili ilianza vizuri, ila wakati wa kuunganisha picha mazoea yalimponza. Pale mwanamke anapokata roho, picha ikafifia ikawa ua jekundu lenye umbo la moyo, vilevile anavyofanya maharusi wanapolishana keki. Ya tatu ndiyo iliyomuuma zaidi, maana humo hakukosea kitu. Kandambili hazikuwemo, ua halikuwemo. Ila ule mkono uliojaliwa ulikataa katakata kutetemeka. Mwenye kamera anakimbizwa, anapiga kelele, anaruka mtaro, na picha imetulia kama imepigiliwa misumari. Mzee mmoja wa safu ya mbele akauliza kwa sauti, "Mbona jini linakuja kama bibi harusi anaingia ukumbini?"

Basi. Nusu ya ukumbi ikapiga vigelegele.

Usidhani hakujaribu kujirekebisha. Alikunywa vikombe vitano vya kahawa kwa mpigo. Alikimbia na kokoto ndani ya kiatu. Alishikilia ndoo iliyojaa maji mpaka bega likalia, kisha akanyakua kamera haraka kabla mkono haujapumzika. Wapi! Mwili mzima ulitetemeka, magoti, kidevu, mpaka masikio. Mkono ulikuwa palepale.

Anayekufa katika filamu hizo zote ni dada yake, mwalimu wa hesabu. Amekufa mara tatu, na kwa sababu hiyo mtaani haitwi tena Mwalimu. Anaitwa Marehemu. Wanafunzi wake hubana vicheko wakimwamkia, "Shikamoo, Marehemu," naye hujibu bila kuinua macho, "Marahaba. Toa daftari."

Nyumbani sasa. Mke wa Mkono wa Jiwe ni fundi cherehani, na kila mtu humwita Fundi tu, hata mumewe. Nyumba yao ina stoo kando ya jiko, hatua tatu kwa nne, na stoo hiyo ndiyo studio. Dirisha limezibwa kwa maboksi, kompyuta ina feni inayounguruma kama mgonjwa wa kifua, na nyaya zimetapakaa sakafuni utafikiri ni matumbo ya kitu. Cherehani ya Fundi, inayolisha nyumba miezi isiyokuwa na harusi, iko sebuleni, imebanwa kati ya kochi na televisheni. Vitambaa viko juu ya kochi. Pini ziko ndani ya kochi. Mgeni akikaribishwa "keti, jisikie nyumbani," huketi, halafu huruka.

Siku Fundi alipopata kazi ya kushona sare za shule nzima, alisimama kwenye mlango wa stoo, futi yake ya kupimia ikining'inia shingoni.

"Mume wangu, nakipenda kipaji chako," alianza.

"Hapo pana 'lakini' inakuja," Mkono wa Jiwe akasema.

"Lakini nahitaji chumba hiki. Filamu tatu, hakuna hata mtoto mchanga aliyeshtuka. Kochi langu limetoa mayowe mengi kuliko wewe."

Marehemu, aliyekuwa amekaa kwa uangalifu mkubwa kwenye ukingo wa kochi hilohilo, alicheka mpaka akachomwa.

Ukweli haujibiwi. Mkono wa Jiwe akaomba nafasi moja, filamu ya nne. Wakakubaliana hivi: ukumbini akipatikana mtu mmoja, mmoja tu, atakayepiga yowe la hofu, la kweli, la kutoka tumboni, stoo inabaki kuwa studio na Fundi hatalitaja tena jambo hilo. Wakicheka, Jumatatu cherehani inahamia, na kamera inarudi kwenye harusi moja kwa moja.

"Na shahidi ni wifi," Fundi akasema.

"Shahidi marehemu," Mkono wa Jiwe akanung'unika. "Nyumba hii ina mambo."

Safari hii alikuwa na mbinu. Kama mkono wake hautetemeki, basi ashike mwingine. Na nani anajua kidogo kuhusu kamera kuliko Fundi? Alipomwomba, Fundi aliweka mikono kiunoni.

"Yaani nikusaidie unishinde?"

"Wewe shika tu. Kadiri utakavyoharibu, ndivyo itakavyokuwa nzuri."

Sifa kama hiyo humpati kila siku mtu wa kukupa. Fundi akakubali.

Kamera ilikuwa ile kongwe ya harusi, ambayo kioo chake cha pembeni kilikufa zamani. Kwa hiyo huoni unachorekodi, una kitaa chekundu tu kando ya lenzi. Mkono wa Jiwe alimwonesha mkewe kitufe. "Bonyeza hapa kuanza, bonyeza hapohapo kumaliza. Utaiona taa." Fundi akasema ameelewa. Taa ni taa, yeye si mtoto.

Walirekodi Jumamosi mchana kutwa, mapazia yamefungwa. Hadithi ilikuwa nyepesi: mwanamke amehamia nyumba mpya, anairekodi ili amtumie mama yake, na ndani ya kabati kuna kitu. Mwanamke ni Marehemu. Kitu ni Mkono wa Jiwe mwenyewe, amevua shati, amejipaka unga wa ngano kuanzia kichwani hadi kiunoni, ambao Fundi ameambiwa ni vumbi la chaki.

Na hapa lazima jambo moja lisemwe, ingawa ni la aibu. Tangu filamu ya kwanza, unga ulikuwa ukipungua jikoni kwa Fundi kwa namna isiyoelezeka. Fundi aliwashuku panya, akatega mitego miwili. Panya hawakunaswa. Akaanza kumwangalia wifi yake kwa jicho la pembeni, kwa sababu Marehemu hupenda kupita jikoni kwao akitoka shule. Mkono wa Jiwe alisikia yote hayo na akanyamaza kimya kama ukuta. Angesema nini? Jini hutoka jasho, jasho huondoa unga, na unga ukiondoka anabaki baba mmoja mwenye kitambi ndani ya kabati.

Siku ile jasho lilimtoka kweli. Kila walipopumzika, alijifanya anakwenda kunywa maji.

Walimaliza saa kumi na moja. Marehemu alikuwa amekufa vizuri kuliko siku zote, aliteleza kutoka kitandani hadi chini kwa hatua nne tofauti. Kesho yake akasafiri kwenda kusahihisha mitihani, na angerudi siku ya onyesho lenyewe, Jumamosi iliyofuata. Mkono wa Jiwe alikuwa na harusi Jumapili, na Jumatatu hadi Jumatano zilikuwa za kuunganisha picha za harusi hiyo. Alipoifungua kanda yake kwenye kompyuta ilikwishafika Alhamisi alasiri.

Akaona miguu.

Miguu ya Fundi, ikitoka chumbani kwenda jikoni. Kisha dari. Kisha sakafu. Kisha weusi mtupu na sauti ya zipu, kwa sababu kamera ilikuwa ndani ya begi. Akasogeza mbele. Miguu tena. Ukingo wa meza, dakika sita. Kabati hakuna, jini hakuna, kifo cha hatua nne hakuna. Kila palipokuwa na filamu, kamera ilikuwa imelala. Kila walipopumzika, ilikuwa macho!

Alitoka stoo moshi ukimtoka masikioni. Fundi alikuwa sebuleni, amesimama mbele ya meza yenye kola za sare, pasi mkononi, anaitazama.

"Usiniharakishe," Fundi akasema kabla hajaulizwa. "Taa bado nyekundu, haijawa tayari. Ikizima ndiyo kazi inaanza."

Mkono wa Jiwe akafungua mdomo. Akakitazama kile kitaa chekundu cha pasi. Kikazima, tiki, na Fundi akaanza kupiga pasi kola ya kwanza. Mkono wa Jiwe akaufunga mdomo wake, akarudi stoo polepole, akaketi. Mke wake hakuwa amekosea hata mara moja. Kwa miaka kumi na tano pasi ilikuwa imemfundisha kwamba nyekundu maana yake subiri, na alikuwa mwanafunzi bora.

Basi chumba kimekwenda, alijiambia. Dada hayupo, muda hakuna, jini la kurudia halina wa kumtisha. Akabaki anaitazama ile kanda kwa mazoea tu, kama mtu anavyotafuna ganda la muwa baada ya utamu kwisha. Na hapo ndipo alipofika kwenye kipande cha jikoni.

Fundi alikuwa ameiweka kamera juu ya friji. Anaonekana mgongo wake, anakoroga sufuria, anajiimbia kwa pua wimbo usiokuwa na maneno. Nyuma yake ni mlango, umerudishwa. Dakika inapita, hakuna kitu. Halafu mlango unasogea. Unasogea kidogo sana, kiasi kwamba unadhani ni macho yako. Halafu kwenye upenyo unaingia mkono. Mweupe pepepe mpaka kwenye kiwiko, bila mwili. Unapita hewani taratibu, umetulia tuli, hautikisiki hata ukucha, unakuja, unakuja, unapita hatua moja nyuma ya shingo ya Fundi, na Fundi anakoroga, anaimba. Mkono unashuka rafuni. Unafunua kopo. Unazama ndani. Unatoka na kitu kilichofumbatwa, unarudi ulikotoka, na mlango unajifunga wenyewe.

Nywele zilimsimama Mkono wa Jiwe. Aliutazama tena. Mkono alikuwa anaujua, alikuwa nao hapo mezani, umeshika kikombe. Bado nywele zilisimama.

Sasa ikawa vita. Kipande hiki akikiacha, stoo imekwenda. Akikitia, mtaa mzima, Fundi akiwa safu ya mbele, utamwona mwizi wa unga kazini. Alizunguka kile chumba cha hatua tatu kwa nne mpaka akajikwaa kwenye nyaya. Mwizi aliyekuwa ndani yake alisema, kata. Mtengeneza filamu aliyekuwa ndani yake alisema, rafiki yangu, hii ndiyo picha nzuri kuliko zote ulizowahi kupiga, na wala hukuipiga wewe.

Hakukata. Aliondoa vicheko na maongezi, akaunganisha miguu, dari, weusi wa begi, na jiko. Dakika kumi na moja zote. Mwanzoni akaandika: Kamera hii iliokotwa juu ya friji. Na kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakuwa amedanganya.

Jumamosi saa kumi ukumbi ulijaa, watu wamekuja kucheka. Fundi aliketi safu ya mbele na Marehemu aliyetoka safarini moja kwa moja, begi bado mapajani. Futi ilikuwa shingoni kwa Fundi. Asubuhi ile alikwisha kuipima stoo, upande wa dirisha, na akasema meza ya kukatia itaingia bila shida. Mkono wa Jiwe alisimama mbele, kwenye ukuta wa pembeni, kamera ya harusi begani, anawarekodi watazamaji. Alisema ni kwa ajili ya ushahidi.

Picha ikaanza. Miguu.

"Hizo si ndala zangu?" Fundi akauliza, na ukumbi ukacheka.

"Wifi, mimi niko wapi?" Marehemu akanong'ona. "Mbona sifi?"

Dari. Mtu akapiga mwayo. Sauti ya nyuma ikasema, "Safari hii jini limegoma." Vicheko vikaongezeka, na jasho likaanza kumshuka Mkono wa Jiwe mgongoni, sasa bila hata unga wa kuosha. Kisha weusi wa begi, na ndani ya weusi ule, pumzi za mtu. Vicheko vikapungua, maana ni vigumu kucheka usichokiona.

Kisha jiko. Kila mtu mle ndani alikuwa amewahi kuingia jikoni kwa Fundi kufuata nguo yake. Waliijua ile rafu. Waliujua ule mgongo. Hapo hapakuwa na uigizaji, alikuwa Fundi wao anakoroga sufuria. Mlango uliposogea, shingo zikanyooka. Mkono ulipoingia, benchi moja likalia, kwii. Mkono ukaja. Ukaja. Ukafika nyuma ya shingo.

Na Fundi, aliyekuwa anautazama mgongo wake mwenyewe ukivamiwa, alipiga yowe ambalo liliamsha mbwa wa mtaa wa pili.

Ukumbi mzima ukalidaka. Mabenchi yalianguka, blanketi moja likang'oka dirishani na jua likaingia, mzee wa safu ya mbele akajikuta amekumbatia begi la Marehemu. Na pale kwenye ukuta wa picha, katikati ya mwanga na kelele, kwenye picha iliyokuwa bado inaendelea, mkono mweupe ukafunua kopo.

Yowe likakatika.

"WEWE!" Fundi alisimama, kidole kimenyooka kuelekea ukutani alikokuwa mumewe. "Kumbe ni wewe unayenimalizia unga! Mimi nimetega mitego! Mimi nimemdhania wifi!"

"Mimi?" Marehemu akageuka. "Ulinidhania mimi?"

Basi vicheko vilivyofuata hapo, vya filamu zote tatu ukivijumlisha havifiki.

Nyumbani, kesi ikaanza. Fundi alishikilia kwamba lile halikuwa yowe la hofu, lilikuwa la hasira. Mwizi ameonekana, mwenye mali amepiga kelele, wengine wamemfuata, kuna ajabu gani? Mkono wa Jiwe akasema ushahidi upo. Wakaketi wote watatu mbele ya televisheni, kwa uangalifu, na akaiweka kanda ya watazamaji.

Uso wa Fundi ulionekana wazi. Macho yanapanuka. Kiganja kinapanda mdomoni. Mkono wa pili unamng'ang'ania Marehemu. Kisha yowe, na kopo bado halijaguswa.

Marehemu akakunja mkono wa nguo yake bila neno, akaonesha alama nne za kucha. "Hasira haimshiki wifi," alitoa hukumu. "Hii ni hofu. Tena na mimi nakudai radhi ya unga."

Fundi akasogea karibu na televisheni. "Hebu rudisha hapo."

Mkono wa Jiwe akarudisha. Uso, kiganja, yowe. Na katika yowe, picha ikaruka. Ukuta ukainama, dari ikaja, mabenchi yakapotea na kurudi, kila kitu kinatikisika.

"Inatetemeka," Fundi akasema.

"Naona."

"Miaka ishirini na miwili."

"Nilisahau kwamba ni filamu," Mkono wa Jiwe akasema, akijikuna kichwa. "Nilikusikia wewe tu."

Fundi akaivua futi shingoni, akaizungusha kidoleni, akaitia kwenye droo ya cherehani.

"Chumba chako," alisema. "Ila unga nunua wako. Na kopo langu nalifunga kwa kufuli."

Alitimiza yote mawili. Jumatatu cherehani ilikuwa palepale kati ya kochi na televisheni, na sare za shule nzima zilishonwa hapo. Alasiri mama mmoja alikuja kumpimisha mwanawe, akakaribishwa, akaketi. Yowe lake lilipasua nyumba.

Mlango wa stoo ukafunguka kwa kishindo, na uso uliopakwa unga nusu ukachungulia.

"Mwambieni arudie! Sikuwa nimerekodi!"